Maswali ya Maandishi Bungeni: Tathmini ya Mteja Aliyesubiri Jibu Mombasa

Huduma ninayoitathmini hapa haina duka wala kaunta, na wengi waliokwisha kuilipia kupitia kodi hawajui kwamba ni yao. Ni ile nafasi aliyo nayo mbunge ya kumwandikia waziri swali, likapokewa na ofisi ya Karani wa Bunge na kupewa namba, likapelekwa kwa wizara inayohusika, kisha jibu likabaki katika kumbukumbu ambako mtu yeyote anaweza kulirejelea. Nimeitumia mara mbili kupitia mbunge wa eneo letu hapa Mombasa, kwa jambo moja lile lile, na majibu ya mara ya kwanza na ya pili yalipishana mno hata nikaona inafaa kuandika. Wizara na wakala wake sitawataja, kwa sababu ninachopima ni chombo chenyewe.

Jambo lilikuwa mtaro. Barabara inayopita nyuma ya mtaa wetu ilipanuliwa, na mkandarasi akachimba mtaro wa maji ya mvua upande mmoja, akaujenga vizuri kwa zege mpaka mahali fulani, akaondoka kabla ya kuuunganisha na kalavati ya zamani inayopeleka maji baharini. Kila masika maji yanayoteremka kutoka barabarani hufika mwisho wa zege, yakakosa pa kwenda, yakageukia vichochoro viwili ambavyo wakazi wake hulazimika kuinua magodoro juu ya meza. Tuliandika barua, tukamwona chifu, tukapiga picha. Barua nne hazikujibiwa, na kwa kuwa barabara ni ya serikali kuu, ofisi za kaunti nazo zilituambia, kwa haki kabisa, kwamba mkono wao haufiki huko.

Kijana mmoja katika ofisi ya eneo bunge ndiye aliyetuandikia swali la kwanza, na lilikuwa swali la kawaida kwa namna maswali mengi ya bungeni yalivyo: je, Waziri anafahamu kwamba wakazi wanaathirika na mafuriko yanayosababishwa na mtaro usiokamilika, na Serikali ina mpango gani wa kuwaondolea adha hiyo? Tulisubiri miezi miwili na nusu. Jibu lilipokuja lilikuwa na sentensi moja ndefu iliyosema kwamba Serikali inafahamu changamoto hiyo, na kwamba inaendelea kuifanyia tathmini ili hatua zifaazo zichukuliwe kulingana na upatikanaji wa fedha.

Nililipeleka jibu hilo barazani baada ya alasiri, nikiwa na fahari ya mtu aliyeandikiwa na waziri. Mzee mmoja tunayekaa naye, mhasibu aliyestaafu baada ya miaka mingi katika shughuli za bandari, aliniomba nimsomee mara mbili, kisha akacheka polepole.

“Mwanangu, huyu hana kosa,” alisema. “Umemuuliza kama ana habari, kakwambia anayo. Umemuuliza kama ana mpango, kakwambia anao. Kakulipa ulichomdai.”

“Basi nimuulize vipi, Mzee?”

“Muulize tarehe na hesabu. Mpango hauna risiti.”

Swali la pili tuliliandika pale pale barazani, na mzee ndiye aliyekuwa akifuta maneno. Tulitaka kujua mkataba ulitiwa saini siku gani na kwa kiasi gani cha fedha. Urefu wa mtaro ulioonyeshwa katika michoro ya mkataba, na urefu uliojengwa. Afisa wa cheo gani aliyethibitisha kwamba kazi imekamilika. Sehemu gani ya malipo ambayo Serikali bado inaishikilia kama dhamana. Na ni siku gani wajibu wa mkandarasi wa kurekebisha kasoro kwa gharama yake mwenyewe utakapokoma. Hapakuwa na neno “wakazi” humo, wala “adha”, na mimi binafsi niliona swali limepoa mno, halina uchungu wetu. Mzee akasema uchungu tumweleze mbunge, swali tumwachie waziri.

Jibu lilikuja baada ya wiki saba. Lilikiri kwamba mtaro wa kwenye michoro ulikuwa mrefu kuliko uliojengwa kwa zaidi ya mita 200, na kwamba wajibu wa mkandarasi ulikuwa ungali na miezi minne kabla ya kwisha. Hakuna ahadi yoyote iliyotolewa katika jibu lile, na wala haikuhitajika, kwa sababu mara tu tarehe ile ilipoandikwa na wizara yenyewe, kila mtu aliyelisoma aliweza kuhesabu kwamba siku ikipita, gharama ya mita zile itarudi kwa mlipa kodi, na itajulikana ni nani aliyeiacha ipite. Trekta lilionekana mtaani kabla ya mwezi wa pili kwisha.

Nimeisimulia habari hii kwa urefu kwa sababu ndani yake ndimo ubora wote na udhaifu wote wa huduma hii unamopatikana. Ubora wake hautokani na waziri kubanwa mbele ya watu. Unatokana na karatasi. Jibu la maandishi limeandaliwa na maofisa walio na majalada, limepita mikononi mwa wakubwa wao, na limesainiwa. Akija kusema kinyume chake baadaye, waziri anajipinga mwenyewe. Wahenga wetu wa pwani, ambao biashara ya majahazi iliwafundisha mapema thamani ya kalamu, walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na swali zuri la maandishi ni njia ya kuilazimisha Serikali ifungue daftari lake ukurasa unaoutaka wewe. Swali baya huilazimisha tu iseme kwamba daftari lipo.

Kwa wasiofuatilia mambo ya Bunge, inafaa kueleza jinsi huduma hii ilivyofika hapa ilipo. Zamani mawaziri wa Kenya walikuwa wabunge, na kipindi cha maswali kilikuwa sehemu ya kikao. Katiba ya 2010 ikabadilisha mpango huo: chini ya Kifungu cha 152 waziri hawezi kuwa mbunge, na Kifungu cha 153 kikamtaka badala yake afike mbele ya kamati ya Bunge la Taifa au ya Seneti anapotakiwa, na ajibu swali lolote lihusulo jambo lililo chini yake. Mabunge yaliyoanza kazi mwaka 2013 yakajikuta hayana waziri ukumbini wa kuulizwa, na kwa miaka kadhaa maswali yakawa yakipitia kamati. Mwaka 2022 Rais aliliomba Bunge libadilishe Kanuni za Kudumu, yaani kanuni zinazoongoza vikao vyake, ili mawaziri wapate kufika ukumbini, na tangu 2023 wanafika.

Wengi walishangilia mabadiliko hayo, na naelewa kwa nini. Runinga ina kitu cha kuonyesha, na mbunge ana kipande cha video cha kutuma kwa wapiga kura wake. Hata hivyo, nikiwa mteja wa Mombasa, kilomita karibu 480 kutoka ukumbi ule, sioni kwamba nimeongezewa sana. Waziri hodari wa kusema hujibu maswali matano kwa saa moja na kuondoka akiwa amependwa zaidi, huku nusu ya tarakimu alizoombwa akiwa ameahidi kuzileta baadaye. Njia ya maandishi, ambayo kanuni zinaitambua na ambayo ndiyo inayotumiwa zaidi kwa tume huru kama ile inayoajiri walimu, haina mvuto huo, lakini ndiyo iliyotuletea trekta.

Ili nisiwe kama mtu asiyewahi kula mahali pengine, nimelinganisha kidogo na nchi nyingine. Uingereza, ambako swali la kwanza lililoandikwa katika kumbukumbu liliulizwa katika Baraza la Malordi mwaka 1721, kuhusu mtumishi wa Kampuni ya South Sea aliyekuwa ametoroka baada ya kampuni hiyo kuanguka, mbunge wa kawaida hutarajia jibu la maandishi katika muda wa takribani wiki moja, na Malordi katika siku 10 za kazi. Mbunge anaweza pia kutaja siku anayotaka kujibiwa, ila hawezi kuwasilisha zaidi ya maswali matano ya aina hiyo kwa siku. Ujerumani, maswali yanayowasilishwa na kundi la chama bungeni hutakiwa kujibiwa ndani ya siku 14. Ufaransa wametoa miezi miwili, na tangu 2015 mbunge mmoja hana ruhusa ya kuandika zaidi ya maswali 52 kwa mwaka, jambo ambalo nilipolisoma mara ya kwanza niliona ni ukandamizaji, kisha nikawakumbuka baadhi ya wabunge wetu na kuona kwamba 52 mazuri yangetutosha sana.

Nchi hizo nazo zina hila zao. Uingereza, wizara inaweza kukataa kujibu ikiwa kutafuta jibu kutagharimu zaidi ya pauni 850, na kwa hiyo anayeuliza hujifunza kulikata swali lake vipande vidogo ili kila kimoja kipite chini ya kiwango hicho. Ayalandi, baada ya malalamiko mengi kuhusu biashara ya nyama ya ng’ombe na dhamana za Serikali, iliundwa tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jaji Liam Hamilton na kumaliza kazi yake mwaka 1994. Jaji huyo alisema vikaoni kwamba kama maswali yaliyoulizwa bungeni yangejibiwa kama yalivyokuwa yakijibiwa mbele yake, tume isingehitajika, na fedha na muda mwingi ungeokolewa. Miaka mitatu baadaye nchi hiyo ikapata sheria ya uhuru wa habari.

Mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka Afrika Kusini wakati wa ubaguzi wa rangi. Helen Suzman aliingia bungeni mwaka 1953, na kati ya 1961 na 1974 alikuwa mbunge pekee wa chama chake, hana wa kumwunga mkono anaposimama na hana kura ya kuzuia sheria hata moja. Alichokuwa nacho ni haki ya kuuliza. Akauliza mwaka baada ya mwaka: ni wangapi wamekamatwa kwa sheria za pasi, zile zilizowalazimu Waafrika kutembea na vibali, ni wangapi wamezuiliwa bila kesi, na Serikali ile, kwa jinsi ilivyopenda kujiona kuwa inafuata taratibu za bunge, ikawa inampa takwimu ambazo wapinzani wake ulimwenguni kote walizitumia kuisuta. Waziri mmoja alipomlaumu kwamba maswali yake yanaiaibisha nchi ugenini, alimjibu kwamba kinachoaibisha si maswali yake bali ni majibu ya waziri. Kwa kipimo cha duka, huyo ni mteja aliyenunua bidhaa ya bei nafuu kuliko zote na kuitumia kufanya kazi ambayo watengenezaji hawakuikusudia.

India nako swali limewahi kumng’oa mkubwa. Mwaka 1957 wabunge, Feroze Gandhi akiwa mstari wa mbele, waliishikilia Serikali kuhusu shirika lake la bima ya maisha kununua hisa za kampuni za mfanyabiashara Haridas Mundhra, na mwaka uliofuata waziri wa fedha, T. T. Krishnamachari, akajiuzulu. Lakini India hiyo hiyo ndiyo iliyowafukuza wabunge 11 mwezi Desemba 2005 kwa kupokea fedha ili waulize maswali, kama ambavyo Uingereza ilivyotikiswa na kashfa ya aina hiyo mwaka 1994. Naitaja kasoro hii kwa sababu kila anayemwomba mbunge amwulizie jambo ana maslahi yake. Sisi tulitaka maji yatoke sebuleni, na mwingine hutaka zabuni. Anayesoma maswali ya bungeni afanye vyema kujiuliza pia ni nani aliyeyaleta.

Sasa niseme kuhusu washindani wa huduma hii, kwani mteja mwenye busara hazunguki duka moja tu. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaitaka ofisi ya umma kujibu ombi ndani ya siku 21, au saa 48 ikiwa habari yenyewe inahusu uhai au uhuru wa mtu. Njia hii haimhitaji mbunge. Mombasa tunaijua nguvu yake: wanaharakati wawili walipoomba mikataba ya SGR, reli ya kisasa ya Mombasa hadi Nairobi iliyofunguliwa Mei 2017 na kuibua maandamano ya kila Jumatatu mjini humu mwaka 2019 baada ya agizo la kupeleka mizigo ya bandari kwa reli, walinyimwa, wakaenda katika Mahakama Kuu ya hapa hapa Mombasa, na Mei 2022 mahakama ikaamuru wapewe habari hizo. Novemba mwaka huo Serikali ikatoa hadharani mikataba ya mkopo. Yapo pia maombi rasmi kwa Bunge chini ya Kifungu cha 119, ambayo raia yeyote anaweza kuyawasilisha, lakini hayo hufaa zaidi pale unapotaka sheria itungwe au ibadilishwe kuliko pale unapotaka tarehe moja kutoka katika jalada moja.

Nikilinganisha, ombi la habari lina muda uliowekwa na sheria, na hilo ni jambo kubwa ambalo swali la bungeni halikunipa; lakini ukipuuzwa huna budi kutafuta wakili, na wakili si bei ya mtaro. Swali la bungeni ni la bure kwa raia na lina mtu wa kulifuatilia aliye na sababu zake za kufanya hivyo, maana uchaguzi hauko mbali kamwe. Ushauri wangu ni kuyatumia yote mawili kwa maneno yale yale, ili majibu yakitofautiana, tofauti hiyo iwe swali la tatu.

Kwa mambo ya kaunti, mlango ni mwingine. Wadi zetu ni 30, na kila moja ina mwakilishi wake. Kifungu cha 183 kinaitaka kamati tendaji ya kaunti kulipa bunge la kaunti ripoti kamili na za mara kwa mara, na mwakilishi anaweza kuomba taarifa kuhusu taka, masoko au zahanati. Sijaitumia njia hiyo, kwa hiyo siipi nyota.

Malalamiko yangu makuu ni mawili. La kwanza ni lugha. Kiswahili kiliingia Bungeni mwaka 1974, na Kifungu cha 120 cha Katiba ya sasa kinakitaja miongoni mwa lugha rasmi za Bunge pamoja na Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Sisi tuliandika kwa Kiswahili, na mara zote mbili wizara ikajibu kwa Kiingereza cha wahandisi. Ilinibidi nikae na mzee jioni mbili tukifafanua tofauti kati ya kazi kukamilika na kazi kukabidhiwa, na tofauti hiyo, ilivyotokea, ndiyo iliyokuwa na miezi yetu minne ndani yake. Mama anayeinua godoro hakupaswa kumhitaji mhasibu ili ajue haki yake inakwisha lini.

La pili ni sehemu ya swali iliyorukwa. Tuliuliza mambo matano, tukajibiwa manne. Cheo cha afisa aliyethibitisha kwamba mtaro wenye upungufu wa mita 200 umekamilika hakikutajwa, wala hapakuwa na maelezo kwa nini hakikutajwa. Aya zilipangwa kwa ustadi, namba tatu ikaingia ndani ya namba nne, na msomaji wa haraka asingeona. Hiyo ndiyo hila ya kawaida kuliko zote, na dawa yake ni moja: yaandike maswali yako kwa namba, kisha ulinganishe namba na namba jibu likifika. Mbunge mwenye wasaidizi wawili na mamia ya barua hatakufanyia kazi hiyo.

Kwa jumla naipa huduma hii nyota tatu na nusu kati ya tano. Nusu ilitoka kwa lugha, moja kwa namba tatu iliyomezwa. Ningemshauri kuitumia mtu yeyote mwenye jambo linaloweza kuulizwa kwa tarehe, kwa kiasi au kwa cheo cha mtu, na ambaye yuko tayari kusubiri kati ya wiki saba na miezi mitatu. Mwenye dharura asiitegemee, na mwenye hasira aitafute siku hasira ikishapoa.

Mtaro sasa umeungana na kalavati, ingawa mfuniko mmoja wa zege umekwisha kuvunjika kwa kupitiwa na malori. Swali la tatu limeshafika katika ofisi ya mbunge: lina mistari mitatu, linahusu cheo cha yule afisa, na mzee ameshalifuta neno moja.